Anayeita Ndiye Anayetunza

Kila mtumishi wa Injili niliyezungumza naye kwa uwazi amekutana na maswali mawili. La kwanza: ni kweli Mungu aliniita, au nilijituma mwenyewe? La pili: nitaishije, mimi na nyumba yangu? Tumezoea kuyatenga. Lile la kwanza tunaliweka katika maombi na mfungo, hili la pili tunalipeleka kwa mtunza hazina wa parishi. Maisha hayautambui mgawanyo huo. Karo ya mtoto inapokosekana, ndipo mtu anaanza kuutilia shaka wito wake. Waumini wanapopungua, ndipo anapojiuliza kama Mungu bado anamjali. Maswali haya mawili huingia nyumbani pamoja, na aghalabu usiku.

Naamini yana jibu moja, kwa sababu yanamhusu Mungu mmoja. Paulo aliwaandikia Wathesalonike, mwishoni mwa waraka wake wa kwanza kwao, kwamba aliyewaita ni mwaminifu na kwamba mwenyewe atatenda. Wito na matunzo vimeshikwa na mkono mmoja. Wala hakuna siku ambayo mkono huo ulishika kimoja ukakiachilia kingine.

Mimi ni kasisi wa Kanisa la Anglikana, na sehemu kubwa ya utumishi wangu imepita katika Kaunti ya Kilifi, si mbali na Rabai, mahali ambapo misheni ya Kikristo ya karne ya 19 ilitia mizizi yake ya kwanza katika nchi tunayoiita Kenya leo. Chuo cha theolojia kilinifundisha mengi, lakini historia ya ardhi hii imenifundisha kumtumaini Mungu kwa namna ambayo darasa halikuweza. Ninataka kusema nilichokiona katika Maandiko, katika historia hiyo na katika nyumba yangu: Mungu habadiliki katika kututunza, ila njia zake hubadilika mara nyingi, na mara nyingi zaidi hutufikia kupitia mikono ya watu ambao tulidhani sisi ndio tumetumwa kuwasaidia.

Kijito kilipokauka

Katika 1 Wafalme 17, Eliya anasimama mbele ya Mfalme Ahabu na kutangaza ukame. Baada ya hapo Mungu anampeleka mafichoni kando ya kijito cha Kerithi. Anakunywa maji ya kijito hicho, na kunguru wanamletea chakula asubuhi na jioni. Wahubiri wengi tunapenda kuishia hapo, kwenye muujiza wa kunguru. Lakini jambo linalofuata ndilo nililolirudia mara nyingi zaidi: kijito kilikauka. Ukame uliotangazwa na kinywa cha nabii ulimfikia nabii mwenyewe.

Eliya hakuwa amekosea njia. Alikuwa mahali hasa alipoambiwa awe, na maji yakamkatikia papo hapo. Wengi wetu tungelichukulia hilo kuwa dalili kwamba wito umekwisha, au kwamba haukuwapo tangu mwanzo. Mungu hakumwambia hivyo. Alimwambia aende Sarepta, mji wa Sidoni, kwa watu wasio wa taifa lake wala wa dini yake, akamhakikishia kwamba huko kuna mjane aliyeagizwa kumlisha. Kunguru walibadilika, maji yalibadilika, nchi ilibadilika. Mtunzaji alikuwa yule yule.

Sasa mtazame mjane huyo. Eliya anamkuta kwenye lango la mji akiokota kuni za kupikia mlo wa mwisho, wake na wa mwanawe, baada ya hapo wangoje kufa. Hakuna dalili yoyote kwamba mama huyo anajua habari za agizo. Hatuambiwi kwamba aliota ndoto, wala kwamba alitembelewa na malaika. Ana unga wa konzi moja na mafuta kidogo, basi. Mungu amekwisha kumwagiza, naye mwenyewe hajui. Na katika mji mzima aliyechaguliwa ni mtu ambaye alihitaji kulishwa kuliko karibu kila mtu. Mtumishi wa Mungu akawa mgeni wa maskini, na unga haukuisha kwa wote wawili. Aliyetunza na aliyetunzwa walikula chungu kimoja.

Ukishaliona hilo, utaliona kila mahali katika Biblia. Luka anatuambia, katika sura ya nane, kwamba Bwana Yesu alipokuwa akizunguka mijini na vijijini, walikuwapo wanawake waliomhudumia yeye na wanafunzi wake kwa mali zao: Mariamu Magdalene, Yoana mkewe Kuza, Susana na wengine. Baadhi yao walikuwa wameponywa naye. Yeye aliyelisha maelfu alikubali kulishwa. Paulo naye, akiwa kifungoni, alipokea msaada wa Wafilipi kwa mkono wa Epafrodito, ambaye aliugua karibu na kufa kwa ajili ya kazi hiyo. Paulo hakuona aibu kuyaandika hayo. Aliyaandika kwa shukrani, ili sisi nasi tujue kwamba mtume mkubwa alihitaji watu.

Kaburi la Nyali

Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na CMS, shirika la kimisionari la Uingereza, alifika Mombasa pamoja na mkewe Rosine. Alikuwa ametoka Ethiopia, ambako mlango wa kazi ulikuwa umefungwa baada ya miaka kadhaa. Kijito chake cha kwanza kilikuwa kimekauka. Alipitia Unguja kwanza, na Seyyid Said, mtawala Mwislamu, akampa barua ya kumtambulisha kwa viongozi wa pwani ili apokewe vyema. Mombasa nako, alipoanza mwaka huo huo kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, aliyemsaidia ni kadhi wa mji, Sheikh Ali bin Modehin. Naomba Wakristo wenzangu wa pwani tusiyapite mambo haya haraka. Misheni yetu ilianza chini ya ukarimu wa majirani Waislamu. Mungu alikuwa amekwisha kuwa na watu wake wa Sarepta hapa.

Kisha ukaja Julai. Rosine alijifungua mtoto wa kike, homa ikamshika, akafa siku chache baadaye. Mtoto akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa kitandani. Rosine alizikwa ng'ambo ya maji, bara, katika eneo tunaloliita Nyali leo, na kaburi lake lipo hadi sasa. Krapf aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi lile liwe kwao dalili kuwa kazi katika upande huu wa Afrika imeanza.

Nimesimama mbele ya kaburi hilo pamoja na vijana wa kipaimara, na kila mara kuna kijana anayeuliza swali ambalo watu wazima tunaliogopa: Mungu alimtunza Rosine vipi? Sitaki kulijibu kwa haraka, wala sitaki kulikwepa. Tukisema kwamba matunzo ya Mungu maana yake ni kuepushwa na kifo na umaskini, basi tutalazimika kusema kwamba alimwacha Rosine, alimwacha Stefano, alimwacha hata Mwanawe pale msalabani. Paulo katika Warumi 8 anaorodhesha dhiki, njaa, hatari na upanga, na hasemi kwamba hivyo havitatupata. Anasema kwamba vikitupata haviwezi kututenga na upendo wa Mungu. Matunzo ya Mungu ni makubwa kuliko usalama wetu. Yanaufuata mwili hadi kaburini na kuahidi kuurudisha.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na mahubiri yanayopima wito wa mtu kwa gari analoendesha. Mahubiri hayo yakienda Nyali na kusimama mbele ya kaburi la Rosine, hayana la kusema.

Mzee kipofu wa Rabai

Johannes Rebmann alijiunga na Krapf mwaka 1846. Mwezi wa Agosti wawili hao wakahamia Rabai, wote wakiugua homa, wakiwa na punda mmoja wa kupokezana njiani. Wazee wa Rabai waliwapokea na kuwakubalia kukaa. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro, na alipoandika habari hizo wako wanajiografia wa London waliobisha kwa miaka mingi, wakisema theluji haiwezi kuwapo karibu na ikweta. Alikuwa ameona kwa macho yake, na hakuaminiwa.

Kazi ya Injili nayo ilikwenda polepole mno. Muumini wa kwanza anayekumbukwa Rabai ni Mringe, mtu maskini mwenye ulemavu wa mwili, aliyependa kuketi na wamisionari na kuuliza habari za Mungu. Alibatizwa akiwa katika ugonjwa wa mwisho. Baada yake akaja Abe Gunja, na wengine wachache. Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa sababu ya afya. Rebmann alibaki. Mkewe Emma alifariki mwaka 1866, na mtoto wao alikuwa amekufa akiwa mchanga. Macho yake yakaanza kufifia, hatimaye yakapofuka. Alikaa Afrika Mashariki takriban miaka 29 bila kurudi Ulaya hata mara moja, na waumini aliowaona katika miaka yote hiyo walikuwa kikundi kidogo tu.

Nimewasikia wenzangu wakimhurumia Rebmann, na wengine wakimlaumu kwamba hakuwa na maono makubwa. Mimi ninapomtazama namwona mtu aliyeelewa kwamba wito hautegemei hesabu ya waumini. Kama Mungu alimwita Rabai wakati hakuna mwamini hata mmoja, basi idadi ndogo ya waamini haikuweza kuwa sababu ya kuondoka. Msingi wa kuja kwake haukuwa mavuno, na kwa hiyo uhaba wa mavuno haukuweza kuubomoa.

Lakini kinachonigusa zaidi ni jinsi safari yake ilivyomalizika. Mwaka 1875, alipokubali hatimaye kurudi Ujerumani, hakuweza kusafiri peke yake. Aliyemsindikiza hadi Ulaya ni Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja, kijana wa Rabai. Fikiria jambo hilo. Rebmann alikuja kuwaongoza watu wa Rabai kwenye nuru, na mwishoni mtu wa Rabai akamshika mkono akamwongoza njiani. Rebmann alifariki mwaka uliofuata, 1876, huko Korntal. Mungu alimtunza mtumishi wake katika upofu wake, na alimtunza kwa tunda la kazi ile ile ambayo wengine waliiona haina tunda.

Aliyeokolewa akawa mlinzi

Mwaka 1864, wakati Rebmann angali Rabai, walifika hapo vijana Waafrika waliolelewa India. Mmoja wao ni William Jones, Myao aliyekamatwa na kuuzwa utumwani akiwa mtoto, akaokolewa baharini, akasomeshwa karibu na Nasik. Pamoja naye walikuwapo wenzake kama Ishmael Semler. Tarehe 31 Mei 1885 Jones na Semler waliwekewa mikono na Askofu James Hannington kuwa mashemasi. Kwetu sisi makasisi wa Kiafrika katika nchi hii, hao ndio baba zetu.

Miezi michache baadaye Hannington alifunga safari ya kwenda Buganda, Jones akiwa pamoja naye. Askofu alimwacha Jones na sehemu ya msafara Kwa Sundu, mahali panapoitwa Mumias leo, akaendelea mbele na watu wachache. Oktoba 1885 aliuawa huko Busoga. Jones alingoja, akapata habari, kisha akawarudisha watu waliobaki hadi pwani kwa miguu. Walipoingia Rabai, Februari 1886, walikuwa wamebeba bendera ya maombolezo. Askofu aliyemwekea mikono alikuwa amekufa kabla ya mwaka mmoja kupita. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kusema kwamba wito wake umezikwa pamoja na aliyemwekea mikono, ni Jones.

Hakusema hivyo. Alirudi kwenye madhabahu yake Rabai. Na huko watu waliokuwa wakitoroka utumwani walizidi kumiminika kutafuta hifadhi, naye akawapokea ingawa jambo hilo lilileta hatari na ugomvi mkubwa na mabwana zao. Mgogoro ulipomalizika, tarehe 1 Januari 1889, zaidi ya watu 1,400 waliokuwa wamekimbilia vituo vya misheni vya pwani walipewa hati za uhuru, wengi wao wakiwa wa Rabai. Mtoto aliyeuzwa alikuwa amekuwa mlinzi wa walioponyoka. Mkono ambao ulimtunza Jones baharini haukulegea Rabai. Ulikuwa unafanya kazi ile ile, safari hii kupitia kwake.

Hapo ndipo nilipojifunza kutoyatazama matunzo ya Mungu kama mali yangu binafsi. Anayetunzwa leo anaandaliwa kutunza. Na mara nyingi eneo ambalo tuliumizwa zaidi ndilo Mungu anatutuma kulisimamia kwa ajili ya wengine, kwa sababu tunazijua njia za eneo hilo hata gizani.

Nyumbani kwangu

Baada ya kuwekewa mikono nilipelekwa parishi yenye ukame upande wa Ganze. Yeyote anayeijua nchi ile anajua jinsi malambo yanavyokauka, ng'ombe wanavyokonda, na akina mama wanavyotembea na madumu tangu alfajiri. Sadaka ya Jumapili ilikuwa sarafu chache, na pengine kuku au mahindi yaliyonadiwa nje ya kanisa baada ya ibada. Posho ilichelewa mara kwa mara. Rafiki yangu mmoja tuliyesoma pamoja aliacha utumishi akapata kazi nzuri Mombasa, na simlaumu, maana sijui Mungu alizungumza naye nini. Lakini kuondoka kwake kuliniletea maswali yale mawili mlangoni.

Kulikuwa na mjane mmoja wa makamo ya mama yangu. Shamba lake halikuwa na kitu cha kujivunia, na wajukuu walikuwa wanamtegemea yeye. Hata hivyo alikuja kwetu mara kwa mara na fungu la mtsunga, ile mboga ya majani, au mihogo, au mayai mawili yaliyofungwa kwenye leso. Nilimwuliza mke wangu kama ni haki kupokea kwa mtu aliye maskini kuliko sisi. Akanijibu, "Ukimkatalia, utakuwa unamwambia kwamba Mungu anaweza kuwatumia matajiri tu." Tulipokea. Tulikula ile mtsunga na sima, tukashukuru, na mimi nikaanza kumwelewa Eliya.

Kisha mke wangu alijifungua mtoto wetu wa pili usiku, akapoteza damu nyingi. Aliyemfikisha hospitalini, kupitia barabara ya mashimo, ni jirani yetu kijana wa bodaboda, Mwislamu, aliyekataa kabisa kupokea nauli. Tuliambiwa damu inahitajika. Sikuwa na la kufanya ila kukaa kwenye benchi na kuomba, na kusema kweli maombi yangu hayakuwa na maneno mengi. Kulipopambazuka matatu ilisimama langoni. Walishuka vijana wa kwaya, mwinjilisti wetu, na wanaume wawili ambao sijawahi kuwaona kanisani. Yule kijana wa bodaboda ndiye aliyepita kijiji kizima usiku ule akiwaamsha. Naye alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono wake kutoa damu.

Yule mjane alikuja pia. Umri wake haukumruhusu kutoa damu, basi akaketi karibu nami akasema, "Baba Mchungaji, wewe hutuombea sisi kila siku. Leo nyamaza, mwanangu, tukuombee." Nikanyamaza. Wakaomba.

Mke wangu alipona. Nimewahi kusimama Nyali baada ya hapo na kumfikiria Rosine, aliyekuwa katika hali inayofanana na ile, katika nchi hii hii, na hakupona. Siwezi kusema kwamba Mungu alimpenda mke wangu kuliko alivyompenda Rosine. Siwezi kusema kwamba imani yangu ilikuwa kubwa kuliko ya Krapf. Ninachoweza kusema ni kwamba wote wawili walikuwa mikononi mwa Mungu mmoja, na kwamba mimi nilipewa kuona kwa macho matunzo ambayo Krapf alipewa kuyaamini bila kuyaona. Shukrani yangu haina majivuno ndani yake. Ina hofu ya Mungu.

Na swali la wito nalo lilipata jibu lake pale kwenye benchi, bila mtu yeyote kulijibu kwa maneno. Niliona kwamba sikuwa mgeni katika nchi ile. Nilikuwa wao, nao walikuwa wangu. Hicho ndicho wito unachofanya: unamfunga mtumishi na watu kiasi kwamba damu yao inaweza kuingia nyumbani mwake.

Neno lisilopaswa kutumiwa vibaya

Kuna hatari mbili ninazotaka kuzitaja waziwazi.

Ya kwanza inawahusu walio na madaraka kanisani. Neno kwamba Mungu atamtunza mtumishi wake si kisingizio cha kumwacha mtumishi huyo na watoto wake wakilala njaa. Yakobo ameandika kwa ukali juu ya mtu anayemwambia ndugu aliye uchi na mwenye njaa aende kwa amani, bila kumpa chochote. Paulo naye, katika waraka wa kwanza kwa Timotheo, amesema wazi kwamba mtenda kazi anastahili ujira wake. Ikiwa Mungu hutunza kwa mikono ya watu, basi kamati ya parishi ni mkono mmojawapo. Dayosisi ni mkono mwingine. Mzee wa kanisa anayemwambia mwinjilisti "Mungu yupo" huku fedha za posho zikiwa zimewekwa kwa ajili ya vigae vya kanisa, anamzuia Mungu asimtumie yeye. Mjane wa Sarepta aliagizwa bila kujua. Sisi tumeagizwa na tunajua.

Ya pili inatuhusu sisi watumishi. Wito usiobadilika haumaanishi kituo kisichobadilika. Krapf aliondoka Rabai, lakini hakuuacha wito wake. Akiwa Ujerumani aliendelea na kazi ya lugha za Afrika Mashariki. Mwaka 1862 alirudi pwani kwa muda kuwasaidia Wamethodisti kuanzisha kazi Ribe. Alifariki mwaka 1881, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili ikachapishwa mwaka 1882, baada ya yeye kuzikwa. Rebmann alibaki, Krapf akaondoka, na siwezi kusema mmoja alikuwa mwaminifu kuliko mwenzake. Kwa hiyo wewe uliyehamishwa kutoka parishi uliyoipenda, wewe uliyestaafu na unaona simu hazilii tena, wewe uliyepatwa na maradhi ukashindwa kupanda mimbarini, usidhani Mungu amekufuta katika orodha yake. Warumi 11 inatufundisha kwamba Mungu hajutii wito wake. Kituo ni cha dayosisi. Wito ni wake yeye.

Kwa anayeanza

Kila mwaka wapo vijana wanaowekewa mikono na kupewa barua za vituo vyao vya kwanza. Wengine hupelekwa mahali ambapo hawajui hata lugha ya nyumbani ya watu wa huko. Wakinijia kuuliza ushauri, huwaambia mambo machache.

Jifunze majina ya watu kabla ya kuhesabu waumini. Rebmann hakuwa na wengi, lakini mmoja wao alimfikisha nyumbani.

Kula unachopewa. Usijifanye mtu asiyehitaji kitu, maana hiyo si imani, ni kiburi kilichovaa kanzu. Ukihitaji msaada, sema. Kanisa haliwezi kubeba mzigo usioonyeshwa.

Waheshimu majirani wa imani nyingine, kwa matendo na kwa maneno ya mimbarini. Hujui ni nani kati yao atakayekuja kwako usiku na pikipiki.

Ukipata kitu, kigawe. Unga wa Sarepta ulidumu ukiwa unaliwa na nyumba nzima, na hakuna mahali tunapoambiwa ungedumu kama ungefichwa.

Na kijito kikikauka, usikimbilie kusema kwamba Mungu ameondoka. Ngoja neno linalofuata, ukiwa bado unafanya kazi uliyopewa. Malaki aliandika kwamba Bwana hageuki, na ndiyo sababu watu wake hawajaangamia. Mpaka leo sijaona sababu nyingine yoyote ya Kanisa kuwapo katika pwani hii baada ya homa zile, makaburi yale, upofu ule na maombolezo yale. Kama kazi hii ingetegemea nguvu ya walioitwa, ingekufa mwaka 1844. Imeishi kwa sababu inamtegemea aliyeita.

Basi nenda na barua yako. Huko unakopelekwa kuna mtu ambaye Mungu amekwisha kumwagiza akupokee, hata kama mwenyewe bado hajui.